Gego la miaka sita si jino la utoto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuseme na wazazi, walezi na walimu wa darasa la kwanza kuhusu jino moja tu: gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto akiwa na umri wa karibu miaka sita. Sisi ni madaktari na matabibu wa kinywa na meno wa hapa Dar es Salaam. Katika meno yote ya watoto, hili ndilo linaloletwa kwetu likiwa limechelewa mno. Mtoto ana miaka tisa, gego limeoza hadi zimebaki kuta mbili, na mzazi anasema liondolewe tu, maana ni la utoto, litaota jingine. Jingine halioti.

Hatumlaumu mzazi. Meno mengi ya kudumu huja kwa hodi: jino la utoto linalegea, linang'oka, linarushwa juu ya bati, pengo linakaa wazi kwa muda, kisha jipya linachungulia. Gego hili halina hodi hiyo. Linatokea nyuma ya gego la mwisho la utoto, mahali palipokuwa ufizi mtupu, na hakuna jino linaloling'okea. Watoto wengi hawalalamiki hata kidogo linapoota, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kuwa lipo.

Kulitambua ni kuhesabu. Mtoto afungue mdomo karibu na dirisha, au washa tochi ya simu. Anzia katikati, kwenye mstari unaotenganisha meno mawili ya mbele, uelekee upande mmoja. La kwanza na la pili ni meno ya mbele, la tatu ni chonge, la nne na la tano ni magego ya utoto. Kama kuna pengo la jino lililong'oka, lihesabu nalo. Linalosimama nafasi ya sita ni la kudumu, kwa sababu meno ya utoto ni 20 tu, matano kila robo ya kinywa, wala hakuna la sita. Fanya hivyo kulia na kushoto, juu na chini.

Kwenye kadi ya hospitali magego haya huandikwa 16, 26, 36 na 46, na wapo wanaoshangaa mtu mwenye meno 32 anapataje jino la 46. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwa mgonjwa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Meno ya utoto hupewa robo za 5 hadi 8. Basi 75 ni gego la pili la utoto, chini kushoto, na jirani yake wa nyuma, 36, ni la kudumu. Mzazi akiona namba inayoishia na 6 kwenye karatasi ya kung'oa jino, ana haki ya kuuliza kama njia nyingine zote zimeangaliwa.

Sasa tuingie ndani ya jino lenyewe, kwa sababu bila kujua limejengwaje, ushauri wetu utaonekana amri tupu.

Sehemu inayoonekana mdomoni ni taji. Iliyozama ndani ya taya ni mzizi, na zinapokutana, pale ufizi unapolikumbatia jino, ni shingo. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, la juu lina mitatu. Taji limefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa ukiwemo: asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini. Kwenye vilele vya gego la kudumu unene wake hufika karibu milimita 2 na nusu, kisha hupungua kadiri unavyoshuka kuelekea shingoni. Enameli haina damu, haina neva, na seli zilizoijenga hupotea jino linapoota. Ndiyo maana haiumi inapoliwa, na ndiyo maana haijijengi upya ikishatoboka. Mfupa huunga, ngozi huziba, enameli haina fundi aliyebaki.

Gego la miaka sita lina udhaifu mwingine, nao uko juu, sehemu inayotafuna. Uso wake una mifereji na vishimo vyembamba vinavyozama ndani ya enameli, na mingi ni myembamba kiasi kwamba unywele wa mswaki hauingii. Isitoshe, jino huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, tangu lichungulie hadi likutane na mwenzake wa taya la pili. Muda huo wote liko chini kuliko majirani zake, mswaki unapita juu bila kuligusa, na enameli yake bado ni changa. Kuoza kwingi kwa gego hili kunaanzia hapa.

Kwa kipindi hicho badilisha namna ya kushika mswaki. Usiupitishe kwa urefu wa safu ya meno. Uingize kutoka pembeni mwa shavu, kichwa chake kikae kukingama juu ya gego lile moja, usugue kidogo kidogo mbele na nyuma. Kazi hiyo aifanye mtu mzima. Mkono wa mtoto hauna ufundi huo hadi afike miaka saba au minane, hata akisisitiza kuwa anajua.

Dawa ya meno iwe na floraidi, na kiasi chake kimeandikwa kwenye tyubu kwa herufi ppm. Tafuta kati ya 1000 na 1500. Aliye chini ya miaka mitatu anatosha kwa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Kuujaza mswaki kuanzia mwanzo hadi mwisho kama kwenye matangazo ni kupoteza fedha, na mtoto mdogo huimeza. Sugua dakika mbili, mara mbili kwa siku, kisha mtoto ateme asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Ya usiku ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa mate hupungua sana usingizini, na mate ndiyo yanayosafisha asidi na kurudisha madini kwenye enameli. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu.

Mswaki wa mti unafaa, tena ni wa heshima katika mwambao wetu. Tafuna ncha kiasi cha sentimita moja mpaka nyuzi zilegee, na ikichakaa ikate utafune nyingine. Tatizo lake ni kwamba haufiki vizuri upande wa ndani wa magego, na hauna floraidi mpaka uipake. Mkaa, majivu na mchanga hatuvikubali kabisa. Hivyo huparua shingo ya jino, mahali enameli ilipo nyembamba kuliko kote, na mtu huishia kushindwa kunywa maji ya baridi.

Kuoza kunatokeaje? Juu ya jino hukaa utando laini, ukoga, uliojaa bakteria. Wakipata sukari huigeuza asidi ndani ya dakika chache. Kiwango cha pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali yake. Kwa hiyo kinachohesabika zaidi ni mara ngapi kwa siku mtoto anakula sukari, kuliko gramu zenyewe. Chupa ya soda iliyonywewa yote pamoja na chakula cha mchana hudhuru kidogo kuliko chupa hiyohiyo inayonywewa funda funda hadi jioni. Pipi ya kumumunya kutoka dukani kwa Mangi ni ndogo, lakini inakaa mdomoni muda mrefu. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni ubuyu wa rangi: una sukari, una ukali wake wenyewe, unanata, na kokwa moja hugeuzwa mdomoni muda mrefu. Hatusemi mtoto wa Dar asionje ubuyu. Ale mara moja, baada ya mlo, kisha anywe maji, asitembee na mfuko wake kutwa nzima.

Hatua ya kwanza kabisa ya kuoza si tundu. Ni doa jeupe lisilong'aa, na hapo enameli bado inaweza kurudishiwa madini kwa floraidi na kupunguza sukari. Doa hili si lile la kahawia wanalokuwa nalo wengi waliokulia sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Lao limetokana na floraidi nyingi ya maji wakati enameli ikijengwa, kabla jino halijaota. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na yapo maji ya ukanda ule yanayovuka kiwango hicho mara kadhaa. Rangi hiyo iko ndani ya enameli, hivyo kuisugua kwa chumvi, ndimu au mchanga ni kulimaliza jino bure.

Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Ina madini kiasi cha asilimia 70 tu, kwa hiyo ni laini zaidi, na imepitiwa na mirija midogo mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, yenye majimaji ndani. Baridi, utamu au hewa vikiyasukuma majimaji hayo, neva zilizo katikati ya jino hushtuka. Kuoza kukifika dentini hutanuka pembeni chini ya enameli ambayo bado imesimama. Hivyo kidoa cheusi cha ukubwa wa ncha ya kalamu kwa juu kinaweza kuwa na pango kubwa chini yake. Siku moja mtoto anatafuna kipande cha muhogo, dari inaporomoka, na nyumbani wanasema jino limetoboka ghafla.

Katikati kabisa ni kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na neva, kinachoshuka kwenye mizizi kupitia mifereji na kutokea kwenye tundu dogo la ncha ya mzizi. Kiini kikipata uchochezi huvimba, lakini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, kama kidole kilichovimba ndani ya pete. Mgandamizo huo ndio maumivu ya jino yanayomfanya mtu ashindwe kulala, na huzidi akijilaza kwa sababu damu hukimbilia kichwani.

Tunaomba msomaji azisome hatua hizi kwa makini. Baridi ikiuma sekunde chache na kuacha, mara nyingi dentini iko wazi na jino linazibika. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya kichocheo kuondoka, au yakija yenyewe usiku, kiini kimeathirika na kuziba peke yake mara nyingi hakutoshi. Maumivu makali yakikoma yenyewe bila tiba, jino halikupona. Kiini kimekufa. Baada ya siku, wiki au hata miezi, jino litauma likigongwa au mtoto akitafuna, kwa kuwa bakteria wameshatokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia mfupani. Tunapoteza meno mengi katika kipindi hicho cha ukimya, familia ikidhani dawa ya duka imefanya kazi.

Na dawa ya duka haiwezi kuponya jino lililooza. Amoksilini na metronidazoli husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu ya kuzifikisha. Uvimbe utapungua kwa siku chache, chanzo kitabaki ndani ya mifereji, na usaha utarudi. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye tundu huunguza ufizi na shavu. Mafuta ya karafuu hupunguza maumivu kwa saa chache, lakini tundu linabaki palepale.

Kuna dalili zisizosubiri asubuhi: uvimbe ulioshuka chini ya taya au shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, mate kushindwa kumezwa, ulimi kuinuka, homa pamoja na pumzi kuwa nzito. Huyo apelekwe hospitali kubwa usiku uleule. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Kwa gego la miaka sita zuri, tiba tunayoitamani ni ya kukinga: kuziba ile mifereji ya juu kabla haijaoza. Hakuna sindano ya ganzi wala kuchimba. Jino linasafishwa, linakaushwa, linapakwa kimiminika maalumu, kisha linamulikwa taa mpaka kigande. Likiguswa na mate kabla ya kupakwa, kizibo kitabanduka baada ya muda mfupi. Ndiyo maana kwa jino ambalo bado limefunikwa nusu na ufizi, hutumika kwanza saruji ya meno inayovumilia unyevu na kutoa floraidi kidogo kidogo. Kizibo kikaguliwe kila miezi sita. Tundu likiwepo tayari huzibwa, na kiini kikifikiwa kuna tiba ya kiini au ya mizizi. Mzizi wa gego hili hukamilika karibu miaka mitatu baada ya kuota, yaani kwenye miaka tisa au kumi. Kabla ya hapo ncha iko wazi, na tiba yake ni tofauti na ya mtu mzima. Wakati mwingine jino halifai tena, na daktari mwenyewe atashauri ling'olewe mtoto akiwa na miaka minane hadi kumi, ili gego la pili, linaloota karibu miaka 12, lipate kusogea mbele. Hilo huamuliwa kwa picha ya eksirei, si kwa haraka ya foleni.

Tusieleweke kuwa meno ya utoto hayana kazi. Wengi wanaamini hayana mizizi, kwa sababu likidondoka lenyewe huonekana taji tupu. Mizizi ilikuwepo, tena mirefu. Imeyeyushwa polepole na mwili wakati jino la kudumu likipanda. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na ndiyo yanayolishikilia gego la miaka sita lisisogee mbele. La tano likitolewa mapema, la sita huinama na kuingia kwenye pengo, na gego dogo la kudumu linalokuja baadaye hukosa njia. Enameli ya jino la utoto ina unene wa nusu hivi ya ile ya kudumu na kiini chake ni kikubwa kwa ulinganisho, kwa hiyo likioza maumivu hayachelewi.

Hapa hatuwezi kunyamaza kuhusu wanaoitwa wataalamu wa meno ya nailoni, au ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa au anaharisha, mtu anafunua ufizi na kuonyesha kivimbe cheupe, kisha anakichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kile ni chonge ya utoto ya kawaida ambayo bado inajengwa, na ingeota kati ya miezi 16 na 22. Karibu yake, ndani zaidi, pamelala mwanzo wa chonge ya kudumu, ambao unaweza kuharibiwa papo hapo. Mtoto hupoteza damu, huambukizwa, na ugonjwa uliomleta unabaki bila tiba. Homa na kuharisha kwa mtoto mchanga ni vya kupelekwa kituo cha afya, aanzishiwe maji ya chumvichumvi na zinki na apimwe malaria.

Limebaki jambo la mzizi kwa walimu. Mzizi umefunikwa na tabaka jembamba la sementi, na kati yake na mfupa kuna nyuzi hai ndani ya nafasi ya karibu robo milimita. Nyuzi hizo ndizo zinazolishika jino. Mtoto wa darasa la tatu akigongwa uwanjani na jino la mbele la kudumu likatoka zima, uhai wake umo kwenye nyuzi zilizobaki juu ya mzizi, nazo hufa zikikauka. Liokote kwa kushika taji, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maji safi ya baridi sekunde zisizozidi kumi, bila kusugua wala kutumia sabuni. Kama mtoto ametulia, lirudishe kwenye tundu lake upande sahihi, aume kitambaa safi, muende kwa daktari. Ikishindikana, litumbukize kwenye maziwa ya baridi yasiyo na sukari. Pakiti ya duka la jirani inatosha. Likikosa maziwa, mtoto ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Usilifunge kwenye tishu wala pamba, na usiliweke kwenye maji ya kawaida, kwa kuwa seli hupasuka. Nafasi nzuri ni ndani ya nusu saa; jino likishakaa kavu zaidi ya saa moja, seli hizo zimekufa, ingawa hata hivyo lilete. Jino la utoto lililotoka kwa ajali halirudishwi, maana kulisukuma ndani kunaweza kuliumiza la kudumu linalojengwa juu yake.

Mhariri, tunaomba pia mchoraji wako atoe mchoro mmoja kabla shule hazijafunguliwa Januari: taya la chini la mtoto wa miaka sita likionekana kwa juu, meno yote yakiwa na namba zake, na gego la sita limepakwa rangi tofauti.

Madaktari na matabibu wa kinywa na meno,
Dar es Salaam